Mtaa Uliopimwa, Mtaa Usiotembeka: Mwongozo kwa Mkazi

Kama unakaa Kibada, Mbweni, Buyuni, Tuangoma, au popote palipopimwa na ule mradi wa viwanja 20,000 ulioanza Dar es Salaam mwaka 2002, toka nyumbani jioni moja ukanunue nyanya kwa miguu. Hesabu kuta utakazopita kabla ya kuuona mlango ulio wazi. Hesabu na bodaboda watakaokupigia honi wakidhani umekwama. Ukirudi, waulize jamaa zako wa Manzese wanatumia dakika ngapi kwa nyanya hizo hizo.

Ajabu yake ni kwamba wewe ndiye uliyefuata taratibu. Una hati, una bikoni, barabara yako inaonekana kwenye mchoro. Mwenzako wa Manzese hana hivyo vyote, mvua ikinyesha maji yanamwingilia ndani, na gari la wagonjwa huenda lisifike mlangoni kwake. Lakini duka, shule, fundi cherehani, msikiti na kituo cha daladala viko karibu naye. Mtaa wako umepangwa kwa mtu mwenye gari, hata kama wengi mnaoishi humo hamna gari. Gharama yake mnailipa kila siku kwa nauli ya bodaboda, kwa watoto wanaopita pembeni mwa lami isiyo na njia yao, na kwa wazee wanaoamua kutotoka kabisa.

Mwongozo huu ni wa mkazi, si wa mhandisi. Hauhitaji barabara ya juu wala mkopo mkubwa. Unahitaji ujue karatasi zipi zinaamua sura ya mtaa, ziko mikononi mwa nani, na ni lini ukamwone. Nina msimamo mmoja ambao baadhi ya wahandisi hawataupenda: anzeni na maduka, njia ya miguu ifuate. Mtu hatembei kwa sababu kuna njia. Anatembea kwa sababu kuna anapokwenda na si mbali.

Ulikotoka mpango huu

Wazee wa Dar es Salaam bado wanaitaja migawanyo mitatu ya wakati wa ukoloni: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Oysterbay ilikuwa ya Wazungu. Viwanja vilikuwa vipana, nyumba imekaa katikati ya bustani, na hapakuwa na haja ya duka mlangoni, kwa kuwa mwenye nyumba alikuwa na gari na aliyekwenda sokoni alikuwa mpishi wake. Mpango wa jiji wa mwaka 1949, kazi ya kampuni ya Sir Alexander Gibb, uliendeleza mgawanyo huo kwa lugha ya kitaalamu ya msongamano wa watu. Baada ya Uhuru ubaguzi wa rangi ulifutwa, madaraja ya msongamano yakabaki, na kila aliyepata fedha akataka kiwanja cha msongamano mdogo. Ndiyo maana mtaa wa ndoto zetu unafanana na Oysterbay ya miaka ya 1950, isipokuwa mpishi hayupo.

Tuliwahi kupanga vizuri zaidi. Sinza na Kijitonyama zilipimwa miaka ya 1970 kwa mradi wa viwanja na huduma uliofadhiliwa na Benki ya Dunia: viwanja vidogo, barabara zinazokutana mara kwa mara, nafasi za huduma zimetengwa mapema. Leo Sinza ina kelele na foleni zake, lakini mkazi wake halali njaa kwa kukosa usafiri wa kwenda dukani. Na mpango mkuu wa kwanza wa Dodoma, ulioandaliwa mwaka 1976 na kampuni ya Project Planning Associates ya Kanada, ulikusudia mji ambao mtu anatembea au anapanda basi, gari binafsi likija nyuma yao. Kama unakaa Ilazo au Iyumbu na mtu akakuambia habari za waenda kwa miguu ni mambo ya Ulaya, mkumbushe kwamba ndizo zilizoandikwa kwenye mpango wa makao makuu tangu siku za mwanzo.

Pata mchoro kwanza

Kila eneo lililopangwa lina mchoro wa mipango miji wenye namba yake, na nakala iko ofisi ya mipango miji ya halmashauri. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 ndiyo inayoifanya halmashauri kuwa mamlaka ya upangaji, kwa hiyo huko ndiko pa kuanzia. Mwenyekiti wa mtaa akuandikie barua ya utambulisho, nenda nayo pamoja na namba ya kiwanja na kitalu chako. Ukizungushwa, andika barua rasmi ukitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, ambayo inaipa ofisi siku 30 za kukujibu. Hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa. Muhuri huo utakusaidia kuliko maneno yote utakayoyasema pale kaunta.

Ukishaupata, usiusomee ofisini. Toa kopi kubwa, rudi nayo mtaani, mtembee nayo mkiwa watatu au wanne: mama anayekwenda sokoni kila siku, kijana wa bodaboda, mwanafunzi. Kijana wa bodaboda msimwache nje kwa kudhani ni adui wa hoja yenu. Hakuna anayejua kama yeye ni nani anatoka wapi kwenda wapi, na saa ngapi.

Mnatafuta kwanza vichochoro. Wapangaji huweka njia nyembamba za miguu kati ya viwanja ili mtu asilazimike kuzunguka kitalu kizima. Kwenye mchoro zipo. Ukifika penyewe unakuta ukuta umesogea, au migomba, au banda la kuku. Njia moja ya namna hiyo ikizibwa, safari ya mita 250 kwenda kituoni inaweza kugeuka mita 900. Pima mwenyewe kwa ramani ya simu: umbali ulionyooka, kisha umbali wa kupita barabarani. Wa pili ukizidi wa kwanza mara mbili, hapo ndipo pa kuanzia kazi, kwa sababu kufungua njia iliyokwisha kuchorwa hakuna gharama ya kununua ardhi ya mtu.

Njia iliyomezwa hurudishwa na mpimaji, si na makelele. Ombeni idara ya ardhi imtume mpimaji aje afufue mipaka. Kabla hajafika, wazee wawili waende kwa jirani anayehusika, wakae, wapewe chai, waseme: "Mzee mwenzetu, mpimaji anakuja wiki ijayo kufufua mipaka ya ile njia. Tumeona tusikuache ukalisikie jambo hili mkutanoni." Mtu akiachiwa heshima yake, mara nyingi atausogeza ukuta mwenyewe. Akigoma, ndipo barua ya halmashauri ianze kazi.

Kisha tazameni maeneo ya umma: kiwanja cha soko, cha zahanati, cha shule, eneo la wazi. Mbele ya kila kimoja andikeni hali yake leo. Kimejengwa? Ni pori? Kimevamiwa? Eneo la wazi lililoota majani halikosi wa kulimezea mate, na siku likibadilishwa matumizi mtakuja kugundua msingi umeshachimbwa. Pandeni miti, wekeni goli mbili za mpira, wekeni kibao chenye namba ya kiwanja. Mahali panapotumika ni pagumu kuporwa.

Duka kwanza

Hati nyingi za mitaa hii zimeandikwa neno moja tu: makazi. Zile fremu zilizochomoza kwenye kuta ni za kuibia, na mwenye fremu anajua hivyo. Ndiyo maana hawekezi. Anauza vocha na soda, na akisikia habari ya bomoabomoa anashusha shata. Mkate mzuri, dawa, mboga za kila siku, hivyo vinahitaji mtu mwenye uhakika kwamba mwaka kesho atakuwepo palepale.

Utaratibu wetu una matumizi yanayoitwa makazi na biashara. Kazi yenu ni kuomba yatumike mahali panapofaa, na kuna njia mbili.

Ya kwanza ni ya mtu mmoja mmoja: mwenye kiwanja anaomba kubadili matumizi. Analipa ada, tangazo linatolewa ili wenye pingamizi waliwasilishe ndani ya muda uliotajwa, maombi yanakwenda kwenye vikao, hati inarekebishwa. Baadaye pango la ardhi linapanda, kwa kuwa kiwanja cha biashara hakitozwi sawa na cha makazi. Hii inamfaa mwenye fedha anayetaka kujenga ghorofa. Kwa mama mwenye fremu moja ni mzigo.

Ya pili ndiyo ninayoipendekeza: mtaa mzima uombe marekebisho ya mchoro kwa barabara moja au mbili tu. Chagueni barabara wanayopita daladala, na zile kona ambapo vichochoro vinatokea. Msiombe kila kiwanja kiruhusiwe biashara, kwa sababu mtapingwa, na wanaowapinga watakuwa na haki. Mtu aliyejenga mtaa wa ndani akitafuta utulivu hakukosea. Akijua kwamba duka litakuwa dakika tano kutoka kwake na si ubavuni mwake, anaweza hata kuwa wa kwanza kusaini.

Upinzani wa kweli utahusu kelele. Yeyote aliyeishi karibu na baa ya muziki wa nje ana kumbukumbu zake, na hakuna hotuba itakayozifuta. Basi nendeni na masharti mliyoyaandika wenyewe. Yanayoruhusiwa: duka la vyakula, genge, duka la dawa, saluni, cherehani, mgahawa wa mchana, ofisi ndogo. Yasiyoruhusiwa: baa ya muziki wa nje, gereji ya kunyoosha bodi na kupiga rangi, kuchomelea, kufyatua matofali, ghala la saruji linaloleta malori. Ombeni masharti hayo yaingie kwenye vibali. Ahadi ya mdomo ya mpangaji wa fremu haimfungi atakayekuja baada yake.

Maegesho nayo yatafika mezani. Viwango vya mipango miji vinadai majengo ya biashara yawe na nafasi za magari, na wenye majengo huzitoa mbele ya mlango, palepale ambapo mtu wa miguu alipaswa kupita. Matokeo yake unayajua: pua za magari zimegusa vioo vya duka, na mtoto anashuka barabarani kuzizunguka. Nendeni na hesabu. Nafasi ya gari moja ni kama mita 2.5 kwa 5, yaani mita za mraba 12.5, kabla hujaongeza nafasi ya kugeuzia. Fremu ya mita 3 kwa 4 ni mita za mraba 12. Kila gari mnalolilazimishia nafasi linakula eneo la fremu nzima na mpangaji wake. Ombeni mambo mawili: duka dogo la mtaani lisidaiwe maegesho kabisa, na jengo kubwa liyaweke nyuma au ubavuni, mlango wake ukitazama njia. Marehemu Donald Shoup, profesa wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alitoa mwaka 2005 kitabu kinene kuhusu maegesho ya lazima na jinsi gharama yake inavyomfikia hata asiye na gari kupitia bei za vitu. Tangu wakati huo miji kadhaa ya Marekani, Buffalo mwaka 2017 na Austin mwaka 2023 ikiwemo, imeyafuta masharti hayo. Ni vyema afisa mipango miji akijua kwamba walioyaanzisha ndio wanaoyaacha.

Neno la mwisho kuhusu duka, nalo ni gumu: duka linaishi kwa wateja. Mtaa wa kiwanja kikubwa na familia moja moja hauwezi kulisha genge hata ukiruhusiwa kila kibali. Ruhusuni vyumba vya kupangisha uani. Ruhusuni ghorofa moja juu ya fremu. Mwalimu wa shule iliyo karibu akipata chumba hapo, mmepata mteja wa kila siku na gari moja pungufu barabarani.

Hifadhi ya barabara na mtaro

Jua kwanza barabara ni ya nani. Barabara kuu na za mkoa ziko TANROADS. Za wilaya, yaani za mkusanyo, za mlisho na za jamii, ziko TARURA, wakala ulioanza kazi mwaka 2017. Ukimpelekea meneja wa TARURA malalamiko ya barabara ya TANROADS umepoteza nauli na asubuhi yako.

Nafasi haijawahi kuwa tatizo letu. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliipanua hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, ikipimwa kutoka katikati. Lami inachukua sehemu ndogo tu ya hapo. Ardhi iliyobaki ina makontena, magari mabovu, vifusi na vijiwe. Mtu wa miguu anajipenyeza.

Mnapoomba njia ya miguu, tajeni vipimo, la sivyo mtapewa kitu chembamba kisha mwambiwe mshukuru. Upana usio na kizuizi uwe mita 1.8, unaowatosha watu wawili wenye viti vya magurudumu wakipishana. Nguzo za umeme, vibao na miti vikae nje ya upana huo. Njia iinuliwe kwa ukingo au izuiwe kwa nguzo fupi za zege, kwa sababu njia tambarare iliyo wazi itakuwa ya bodaboda kabla rangi haijakauka.

Kwenye mitaa mingi mtaro uliofunikwa ndio njia ya miguu pekee mtakayoipata, na si mbaya, mradi mifuniko ikae sawa. Mfuniko unaoacha nondo nje utang'olewa na wauza chuma chakavu. Ombeni mifuniko ya zege iliyoshiba, yenye matundu madogo ya kuinulia wakati wa kusafisha. Mageti ni balaa jingine: kila mwenye nyumba anainua ngazi yake ya zege juu ya mtaro, hivyo mtu mwenye fimbo nyeupe au kiti cha magurudumu anakutana na vilima 20 katika mita 200. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inadai mazingira yanayofikika. Itaje kwenye barua, na mwombe mwenzenu mwenye ulemavu aongoze matembezi ya ukaguzi pamoja na mhandisi. Mhandisi akiona kiti kimekwama mara tatu hahitaji kuelezwa.

Na machinga? Mwaka 2021 waliondolewa barabarani katika miji yetu mikubwa, na wengi wakarudi, kwa sababu wateja wako barabarani. Kwenye mtaa wenye kuta tupu mama anayekaanga mihogo ndiye macho ya njia jioni. Mimi nisingemfukuza. Ningechora mstari: mita 1.8 ni za kupita, nyuma ya hapo ni zake, na meza isivuke. Kamati ya mtaa ikiusimamia mstari huo kwa haki, bila kuchukua kitu kidogo, utaheshimiwa.

Mwendo wa magari

Chukua barabara ya njia nne, upana wa mita 14. Mtu mzima mwenye afya anatembea kama mita 1.2 kwa sekunde, kwa hiyo anahitaji karibu sekunde 12 kuvuka. Gari la mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio kikomo cha kisheria kwenye makazi, linakwenda karibu mita 160 katika sekunde hizo. Bibi yako anahitaji muda zaidi, na magari mengi hayaendi 50. Weka kisiwa katikati: sasa anavuka mita saba kwa wakati mmoja, anatazama upande mmoja tu, na anapumzika. Kisiwa ni vipande vichache vya zege. Daraja la juu la waenda kwa miguu ni fedha nyingi, na linamtaka anayetembea apande ngazi ili mwenye gari asikanyage breki. Kwenye barabara kuu sana labda. Mtaani kwenu likatae.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwendo wa wastani ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kifo hupanda kwa asilimia 4. Azimio la Stockholm la mwaka 2020 liliutaja mwendo wa kilomita 30 kwa saa kuwa kikomo pale magari na watu wanapochanganyika. Ombeni 30 karibu na shule, soko na zahanati, lakini msiridhike na kibao. Kibao hakipunguzi mwendo, barabara ndiyo inayopunguza. Kona kali inamlazimisha dereva kuminya breki, kona pana inamkaribisha apite na gia ya tatu.

Rasta zina kelele kwa walio karibu na madereva huzizoea. Tuta hufanya kazi. Bora kuliko yote ni kivuko kilichoinuliwa: tuta pana lenye kilele bapa, zebra imechorwa juu yake, usawa wake sawa na njia ya miguu, gari ndilo linalopanda na kushuka. Ila msijenge tuta lenu usiku kwa udongo na mawe. Halina alama, litamuua mwendesha bodaboda, na mtaa utaingia polisi.

Kwa shule ipo njia iliyokwisha kujaribiwa Dar es Salaam. Shirika la Amend, katika mpango wake wa usalama kwenye maeneo ya shule, lilianza kwa kutafuta shule zenye watoto wengi waliogongwa, likafuatilia njia wanazopita, kisha likajenga vitu vidogo: njia za miguu, nguzo za kuzuia magari, matuta, vivuko, geti la shule kuhamishwa kutoka barabara yenye magari mengi. Mwaka 2019 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya miji ya World Resources Institute. Kamati ya shule inaweza kuiga hatua ya kwanza bila fedha. Mwalimu aulize kila darasa ni nani amewahi kugongwa au kuponea chupuchupu, na wapi, kisha aweke alama kwenye ule mchoro mliotoa kopi. Alama zitajikusanya mahali pawili au patatu. Hapo ndipo kivuko kiende.

Kuta, taa, miti

Ukuta mrefu usio na dirisha huchosha na hutisha, hasa kwa mwanamke anayerudi saa moja na nusu jioni. Hamwezi kuwalazimisha watu wabomoe. Mnaweza kukubaliana kwenye mkutano kwamba taa ya geti imulike nje badala ya ndani tu, na kwamba ukuta mpya kwenye kona uwe wa tofali hadi kifuani, juu yake nondo au matundu. Kona ya namna hiyo inamsaidia na dereva kuona.

Miti pandeni upande wa magharibi wa njia, inapowezekana, ili iwape kivuli wanaorudi alasiri. Mwarobaini huvumilia ukame na huhitaji matunzo kidogo. Mkungu una kivuli kipana lakini mizizi yake itainua vigae mkiupanda karibu mno. Ombeni kibali cha msimamizi wa barabara kabla ya kuchimba, na muulizeni lilipo bomba la maji.

Lini na nani

Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, lakini ukisubiri Juni umechelewa. Vipaumbele vya mtaa hukusanywa kwa utaratibu wa fursa na vikwazo kwa maendeleo, hupanda Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha baraza la madiwani hupitisha bajeti kabla Bunge halijaanza mkutano wake wa bajeti mwezi Aprili. Kwa hiyo yale matembezi ya mchoro yafanyeni Julai hadi Septemba, mkutano wa mtaa uwe na hoja yenu kufikia Oktoba.

Siku ya mkutano nendeni na ukurasa mmoja na maombi matatu yaliyopangwa kwa uzito. Asimame mtu mmoja aliyezoeleka, aseme kwa ufupi: "Mheshimiwa mwenyekiti, sisi wakazi wa kitalu C tuna maombi matatu, na yote yapo kwenye mchoro huu." Kisha mhakikishe mtendaji ameyaandika. Ambacho hakimo kwenye muhtasari hakikusemwa. Ombeni nakala, na nakala nyingine apewe diwani mkononi.

Mtaambiwa fedha hakuna. Jibu lenu liwe kwamba mwaka 2021 iliongezwa Sh100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za TARURA, na nauli ya daladala hulipia mafuta hayo kama anavyoyalipia mwenye gari binafsi. Tajeni pia mtakachochangia: mchanga, kokoto, siku mbili za nguvu kazi. Mhandisi mwenye mita 300 za njia ambazo wananchi wamekwisha kuzisafisha na kukubaliana mipaka yake atazianza mapema kuliko barabara yenye kesi.

Mkandarasi akimaliza msiagane naye kwa picha za uzinduzi. Mikataba ya ujenzi huwa na kipindi cha matazamio, mara nyingi miezi 12, ambapo sehemu ya malipo yake inazuiliwa na kasoro anarekebisha kwa gharama zake. Subirini masika ipige. Piteni na simu baada ya mvua kubwa, mpige picha kila mfuniko uliocheza, kila dimbwi lililokaa kwenye njia, kila ukingo uliomeguka, muandike mbele ya kila picha namba ya kiwanja kilicho karibu, na mpeleke orodha hiyo kwa mhandisi kwa barua iliyogongwa muhuri kabla kipindi hakijakwisha. Ikishapita siku hiyo, mfuniko uliopasuka unarudi kwenye foleni ya bajeti ya mwaka unaofuata.